SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MVUA ZISIZO ZA KAWAIDA NA UZITO WA KOROSHO GHALANI

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa na Katibu mbele ya Bodi na wanachama kabla mizani haijafunguliwa. Shabaha yake ni tatu. Kwanza, mwanachama aelewe kwa nini mvua za msimu wa 2023/24 zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Pili, Katibu na mtunza ghala wajue namna maji yanavyoingia katika hesabu za chama bila kuonekana. Tatu, chama kijiwekee utaratibu wa kufuata siku ambayo mawingu yametanda na foleni ya wakulima imefika barabarani. Mwisho wa somo yamewekwa maswali, na inafaa yajadiliwe siku hiyo hiyo.

1. Yaliyotokea

Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba vuli ya mwaka huo ingekuwa na mvua za juu ya wastani katika maeneo mengi yapatayo misimu miwili ya mvua, ukiwamo mkoa wa Pwani. Utabiri huo ulitimia. Mvua ziliendelea hadi mwaka mpya, na masika yakaingia ardhi ikiwa bado imeshiba maji. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kutokana na mvua na mafuriko, na zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika.

Katika mwezi huo wa Aprili Mto Rufiji ulifurika na kufunika mashamba ya mpunga na mahindi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kabla maji hayajapungua, kimbunga Hidaya kilitokea baharini na kufika kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024. Safari za vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika katika wilaya ya Kilwa, karibu na Somanga. Huo ulikuwa wakati ambao ufuta wa kusini unakomaa na kuanza kuvunwa.

Wazee wa Rufiji hawaoni mafuriko kuwa jambo geni. Kwa miaka mingi wenyeji wa bonde lile walilima mlau, yaani walipanda katika udongo wenye rutuba ulioachwa na maji yanaporudi mtoni, na walijenga madungu ili walale juu ya maji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamishia watu wengi sehemu za juu katika mpango uliojulikana kama Operesheni Rufiji. Kwa hiyo mto kufurika si ajabu. Kilicho kigeni ni kwamba vuli kubwa, masika makubwa na kimbunga vilifuatana ndani ya miezi minane, na kila kimoja kiligusa zao lake: korosho, kisha mpunga na mahindi, kisha ufuta.

2. Asili ya mvua hizo

Sababu ya kwanza iko mbali sana. Katika Bahari ya Pasifiki, kila baada ya miaka michache, maji ya sehemu ya kati na mashariki huwa ya moto kuliko kawaida. Hali hiyo huitwa El Nino, na hubadili mwendo wa upepo na mawingu katika sehemu nyingi za dunia. El Nino ya 2023 ilianza kutambuliwa katikati ya mwaka huo.

Sababu ya pili iko karibu, katika Bahari ya Hindi yenyewe. Kuna miaka ambapo maji ya upande wa Afrika huwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo huletwa pwani na upepo na kuanguka kama mvua. Ilikuwa hivyo mwaka 1997, mwaka 2019, na tena mwaka 2023.

Ni muhimu kuzielewa sababu hizi mbili kwa pamoja. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kali sana huko Pasifiki, lakini Afrika Mashariki haikupata mvua za kutisha kama zile za 1997, kwa kuwa Bahari ya Hindi haikuiunga mkono kwa nguvu ile ile. Wapo waliojitayarisha mwaka ule, kisha wakasema kwamba wataalamu wamewadanganya. Fikra hiyo si sahihi. Utabiri wa msimu hueleza lililo na uwezekano mkubwa zaidi, nao haupaswi kuchukuliwa kama kiapo. Mkulima anayeazima turubai na kukuta jua limewaka hajapoteza kitu kikubwa. Yule asiyeazima na mvua ikanyesha amepoteza zao la mwaka mzima.

Vimbunga navyo ni nadra katika pwani hii, lakini vimewahi kutokea. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Kimbunga kingine kilipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Pengo la miaka mingi kati ya tukio moja na jingine huwafanya watu wasahau, na chama kinachosahau hujenga ghala lake kana kwamba upepo haupo.

3. Mvua inavyoiharibu korosho

Mkorosho hupenda ukavu wakati wa kuchanua na wakati wa kuangusha matunda. Mavuno yake makubwa huwa kati ya Oktoba na Desemba, nacho ndicho kipindi cha vuli katika mkoa wa Pwani. Katika mwaka wa kawaida mvua za vuli huwa za vipindi, na mkulima huweza kuokota mara moja kwa juma, kutenganisha korosho na bibo, na kuanika siku mbili au tatu. Katika mwaka kama 2023 utaratibu huo haufai.

Korosho iliyolala chini ya mti katika majani yenye maji hunyonya unyevu kupitia ganda. Bibo linalooza juu yake huongeza uharibifu. Ganda hubadilika rangi na kuwa jeusi, kiini huingia ukungu, na ikiachwa zaidi huanza kuota. Hapo haiwezi kurudi daraja la kwanza, hata ikianikwa mwezi mzima. Kwa sababu hiyo, katika msimu wa mvua nyingi mkulima hana budi kuokota kila siku, kuondoa bibo papo hapo, na kuanika juu ya jamvi, turubai au sakafu ya saruji, kamwe si juu ya udongo mtupu. Gunia liwe la katani au juti ili zao lipumue. Kiroba cha plastiki hufungia joto na unyevu ndani, na korosho huungua ikiwa bado mikononi mwa mwenyewe.

Korosho ghafi iliyokauka vizuri huwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Chama chenye kipima unyevu kikitumie kwa kila mzigo. Chama kisicho nacho kitumie njia za wazee: korosho kavu ikitikiswa mkononi hulia, na ukucha ukikandamizwa juu ya ganda hauachi alama. Njia hizi hazitoi hesabu kamili, lakini humtofautisha mkweli na mwenye haraka.

4. Hesabu ya maji

Hapa ndipo vyama vingi hupotelea. Chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08, zao hupimwa mara mbili. Hupimwa katika ghala la chama cha msingi mkulima anapolileta, kisha hupimwa tena katika ghala kuu kabla ya mnada. Mkulima hulipwa kwa uzito wa mizani ya kwanza. Mnunuzi hulipa kwa uzito wa mizani ya pili. Tofauti kati ya mizani hizo ni deni la chama.

Korosho mbichi ikikaa ghalani hukauka, na ikikauka hupungua uzito. Kanuni ya kukadiria ni rahisi. Toa unyevu wa kwanza katika 100. Toa unyevu wa pili katika 100. Gawanya jibu la kwanza kwa jibu la pili, kisha zidisha kwa uzito uliopokelewa.

Mfano: chama kimepokea kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 16, na zimefika ghala kuu zikiwa na asilimia 9. Hesabu ni 84 kugawanya kwa 91, mara 1,000. Jibu ni kilo 923. Kilo 77 zimekwenda hewani. Kama unyevu wa kwanza ungekuwa asilimia 14, upungufu ungekuwa kilo 55. Kama ungekuwa asilimia 12, upungufu ungekuwa kilo 33.

Sasa fikiria chama kilichopokea tani 60 za aina ile ya kwanza. Upungufu ni kilo 4,615. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, chama kinadaiwa shilingi 9,230,000. Ikiwa ushuru wa chama ni shilingi 50 kwa kilo, mapato yake yote ya msimu kwa tani hizo ni shilingi 3,000,000. Maana yake ni kwamba chama kimefanya kazi msimu mzima, kimelipa vibarua na mlinzi, na kimebaki na deni mara tatu ya mapato yake. Hakuna mtu aliyeiba hata punje moja. Hata hivyo mkutano mkuu utakapokaa, macho yote yatamwelekea mtunza ghala.

Hesabu hii ina upande wa pili ambao nao haufai kufichwa. Mtunza ghala asiye mwaminifu hupenda sana mwaka wa mvua, kwa kuwa kila gunia linaloondoka usiku husingiziwa maji. Dawa ya matatizo yote mawili ni moja: unyevu uandikwe katika daftari la mapokezi siku ile ile, kando ya uzito na jina la mwanachama. Ikiwa daftari linaonyesha asilimia 12, kila tani haiwezi kupoteza zaidi ya kilo 33 kwa kukauka hadi asilimia 9. Kilichozidi hapo kina miguu, na ni haki ya wanachama kuuliza kimekwenda wapi. Hivyo daftari lililoandikwa vizuri humwokoa mtumishi mwema na kumfichua mbaya, bila ugomvi wala uvumi.

5. Foleni mlangoni

Hesabu ni nyepesi darasani. Ni nzito jioni ya Novemba, mvua ikiwa imeshika siku ya tatu, na kikongwe ameshusha magunia mawili mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie nirudi kabla giza halijaingia."

"Bibi, korosho hizi bado zina maji. Hazilii."

"Nizipeleke wapi, mwanangu? Nyumba yangu inavuja, na jua sijaliona tangu juzi. Ukizikataa, zitaota ndani."

Bibi huyu hakosei hata neno moja. Katibu akimrudisha, zao litaoza, au litaangukia kwa mlanguzi wa kangomba atakayelichukua kwa kibaba na kwa bei ya kumnyonya. Akilipokea na kuliandika kavu, anaufurahisha moyo wa mtu mmoja kwa fedha za wenzake wote. Huruma ya namna hiyo, ikitolewa kwa watu mia, ndiyo ile shilingi milioni tisa ya sehemu iliyopita.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo inayolifaa jina la ushirika. Chama kipokee zao bichi kwa ajili ya kuanika, si kwa ajili ya kuuza. Utaratibu wake ni huu:

(a) Lifunguliwe daftari la pekee la kuanikia, mbali na daftari la mapokezi.

(b) Kila mzigo uandikwe jina la mwenyewe, idadi ya magunia, uzito wa kubichi na unyevu wake. Mwenye mali na shahidi mmoja watie saini au dole gumba.

(c) Mzigo ufungwe kibao chenye jina na usichanganywe na wa mtu mwingine, wala mwishoni mwa siku usilazwe katika rundo moja na korosho kavu.

(d) Uanikwe juu ya sakafu ya chama au juu ya chanja zilizoinuliwa na kufunikwa turubai usiku na wakati wa mvua, na ugeuzwe mara kwa mara.

(e) Ukikauka upimwe upya mbele ya mwenyewe. Uzito huu wa pili ndio unaoingia katika daftari la mapokezi, na ndio anaolipwa.

(f) Gharama ya vibarua na turubai ijadiliwe na mkutano mkuu kabla ya msimu, ili hapo mlangoni kusiwe na mashauriano.

Mwanachama ataona kilo zake zimepungua. Aelezwe mapema kwamba kilichopungua ni maji, na kwamba maji hayo hakuna mnunuzi aliyekuwa tayari kuyalipia. Faida yake ni kubaki daraja la kwanza.

6. Ghala na paa lake

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ghala lenye paa la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, paa hilo linashusha lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Ikiwa mfereji wa bati umetoboka, maji yote hayo yanaanguka miguuni mwa ukuta na kupenya chini ya sakafu. Gunia la chini huloa bila paa kuvuja hata tone.

Kwa hiyo ukaguzi wa ghala ufanywe kabla ya Oktoba. Bati na misumari ikazwe, mifereji izibwe, na mtaro uchimbwe wa kupeleka maji mbali na msingi. Ndani, magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, yaachane na ukuta kiasi cha mtu kupita, na yasifike darini. Siku ya jua milango ifunguliwe hewa ipite; siku ya mvua ifungwe. Katika maeneo yenye upepo wa bahari, kenchi zifungwe kwa mabati ya kamba au nondo hadi kwenye ukuta, kwa kuwa kimbunga huling'oa paa kwa kulisukuma kutoka ndani.

Vitabu vya chama visisahauliwe. Leja, vitabu vya stakabadhi na rejista ya wanachama viwekwe katika kabati lililoinuliwa, vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Gunia lililoloa laweza kuanikwa tena. Rejista iliyoloa ikifutika, mwanachama hana ushahidi wa hisa zake wala wa kilo zake.

7. Daftari la mvua na taarifa za redio

Kila chama chaweza kuwa na kipimo cha mvua uwanjani. Katibu au mlinzi akisome kila siku saa tatu asubuhi na kuandika tarehe na milimita. Kazi hii ni ya dakika mbili. Baada ya miaka mitano chama kitajua vuli yake huanza lini kwa kawaida, na mwaka usio wa kawaida utaonekana kwa tarakimu badala ya kuonekana kwa kumbukumbu za kubishana. Tena, likitokea shauri la upungufu wa uzito, daftari la mvua likilingana na daftari la unyevu, mkaguzi atakuwa na mashahidi wawili wasioweza kununuliwa.

Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya vuli, kabla ya masika, na kabla ya mvua za msimu kwa mikoa ya kusini. Katibu ausikilize, auandike, na ausome katika kikao cha Bodi. Bodi iamue jambo la kufanya na liingie katika muhtasari. Pale utabiri unapokuwa wa mvua za juu ya wastani, mambo mawili yatangulizwe: turubai zinunuliwe mapema, na usafirishaji kwenda ghala kuu ufanywe mara nyingi kwa mizigo midogo. Kukatika kwa barabara pale Kilwa mwezi Mei 2024 kuliwafundisha watu wengi kwamba zao lililojaa ghalani kusubiri lori kubwa laweza kusubiri kuliko ilivyokusudiwa.

Hitimisho

Mvua haina chama wala mwanachama, huwanyeshea wote. Tofauti huonekana baada ya mvua, pale mizani ya pili inapopimwa. Chama kilichoandika unyevu kila siku kitaeleza upungufu wake kwa ukurasa mmoja. Chama ambacho hakikuandika kitatumia miaka kuulipa, na huenda kikampoteza katika tuhuma mtumishi ambaye hakuchukua kitu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Chama kimepokea kilo 8,000 za korosho zenye unyevu wa asilimia 14. Zitakuwa na kilo ngapi zikifikia asilimia 9? Ikiwa ghala kuu limepokea kilo 7,300, kilo ngapi zinahitaji maelezo mengine?

2. Je, sakafu ya kuanikia iliyopo inatosha kwa magunia mangapi kwa wakati mmoja? Nani aanze: aliyefika kwanza, au yule ambaye korosho zake zi katika hatari zaidi?

3. Gharama ya kuanika ilipwe na mwenye mzigo peke yake, au sehemu yake ichangiwe na wanachama wote? Toeni sababu.

4. Ni nani atakayesoma kipimo cha mvua siku ambazo Katibu hayupo?

5. Paa la ghala lilikaguliwa lini kwa mara ya mwisho, na muhtasari wa kikao unasemaje?